Wadudu Wasiokuwemo katika Wali wa Dorine

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza: ninaitwa Sidonie, mjane wa Kilibula, hapa Uvira. Ninauza mchele wa Kiringye. Mume wangu Félicien alichukuliwa na maji ya mto Mulongwe mwaka ule wa mafuriko. Mtoto wangu wa pekee, Franck, alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu, akaniachia mke wake Dorine.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilianza kuona wadudu weusi katika wali alionipikia Dorine. Yeye hakuwaona. Mwezi wa tatu nikamshitaki mbele ya kikundi changu cha sala kwamba ananitilia kitu katika chakula. Akatoka nyumbani kwangu na mimba ya miezi saba, akarudi kwa baba yake, Mutarule.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa Bujumbura, katika kliniki ya macho, kidevu changu kimekaa juu ya mashine ya laser.

Turudi hapo.

"Usitikisike, Mama," Daktari Ntawukuriryayo alisema. "Tazama taa ile ya kijani tu."

"Itauma?"

"Hapana. Utasikia tik, tik. Basi."

Jicho langu la kuume lilikuwa limeshatiwa dawa ya kuifungua mboni. Juu yake daktari alikuwa ameweka kioo kidogo chenye ute wa baridi. Nyuma yangu alisimama muuguzi, Abigaïl, ameshika kichwa changu kwa mikono miwili. Tangu Dorine aondoke, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Nilitamani asiniachie.

Tik.

Yule mdudu wangu, niliyemfahamu kama ninavyofahamu kidole changu, akakatika. Tik, tik. Vikatoka viputo vidogo vyeusi, vikashuka mbele yangu polepole, vikayeyuka.

"Dokta, kuna vitu vinaanguka."

"Ni hewa kidogo. Itapotea."

Aliendelea kwa muda kama wa kumenya sahani ya viazi. Kisha akazima taa, akasogeza kiti chake.

"Ndani ya jicho kuna ute," akasema, "kama ule weupe wa yai. Muntu akianza kuzeeka, ule ute unajikunja, unafanya nyuzi. Mwangaza ukipita, uzi unatupa kivuli kule nyuma ya jicho. Weye unaona kivuli, unafikiri ni kitu kiko inje."

"Kwa hiyo mu sahani hamukukuwa kitu."

"Mu sahani hamukukuwa kitu. Juu ya kitu cheupe ndiyo kinaonekana sana. Ukuta, karatasi, mawingu."

"Wali," nikasema.

"Na wali." Akatabasamu. "Watu wengi wanazoea, hatuwagusi. Uzi wako ulikuwa mukubwa na ulikaa katikati, ndiyo maana nilikubali. Kitabaki kidogo. Ukiona mwangaza kama wa radi, ao kama pazia linafunga, unarudi hapa siku ileile. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akachukua barua yangu ya kutumwa kwake, ile iliyotoka katika kituo cha afya cha kwetu. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Mama, barua hii ni ya tarehe tatu, mwezi wa tatu. Sasa tuko mwezi wa saba. Mbona ulikaa nayo?"

"Nilikuwa na kazi," nikasema.

Abigaïl akaniachia kichwa.

Wasomaji wangu, hapa ni lazima nisimame. Kwa wiki tatu nimewaandikia kwamba sikujua. Nimewaandikia kwamba nilidanganywa na macho yangu, na wengine wenu mmenitumia salamu za kunipa pole. Nimewadanganya.

Dorine nilimshitaki tarehe ishirini ya mwezi wa tatu. Barua ilikuwa nyumbani kwangu tangu tarehe tatu.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameniambia wazi: "Mama, haiko wadudu. Ni jicho. Nenda Bujumbura." Nilimshukuru. Nikaikunja barua mara nne, nikaiweka chini ya godoro, nikaendelea kusukuma sahani pembeni kila saa ya kula.

Mtaniuliza kwa nini.

Kwa sababu ya simu. Franck alikuwa anampigia Dorine kila siku saa kumi na moja. Nilikuwa ninakaa upande wa pili wa ukuta, nikichagua mawe katika mchele, nikimsikia Dorine anacheka. Mwishoni mwa kila simu Franck alisema, "Musalimie Mama." Dorine alikuja kunisalimia. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu kwa mtoto niliyemzaa.

Nilifikiri: Dorine akiondoka siku chache, Franck atapiga kwangu.

Basi siku ile nilibeba sahani ya wali mpaka katika kikundi cha sala. Nikaiweka katikati yao, nikaonyesha kwa kidole. Walimuuliza Dorine. Dorine hakusema neno. Alinitazama tu, mkono juu ya tumbo. Watu wakasema, mwenye kunyamaza amekubali.

Alipoondoka, simu iliondoka naye. Franck alipiga kwangu mara mbili kwa miezi minne, na mara zote mbili mtandao ulikatika kabla sijamaliza kumuuliza kama anakula.

Hiyo ndiyo kweli yangu. Sasa niendelee.

Nilirudi Uvira siku ileile. Mpaka wa Kavimvira niliuvuka na kitambaa juu ya uso, maana dawa ilikuwa bado imefungua jicho na jua lilinichoma. Mlinzi aliniuliza kama ninalia. Nikamwambia ni dawa.

Kesho yake nilipika wali. Niliuweka katika sahani nyeupe, nikakaa mbele ya dirisha, nikafunga jicho la kushoto.

Ulikuwa mweupe. Kulikuwa na vumbi moja dogo pembeni, kama alivyosema daktari, likakimbia nilipolitafuta. Lakini wali ulikuwa mweupe, punje kwa punje.

"Dorine," nikasema kwa sauti, "njoo uone."

Kisha nikakumbuka.

Nilikaa mbele ya ile sahani mpaka wali ukapoa. Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Siku ile nilivipita vyote, chumba kwa chumba, nikitafuta kitu cha kufanya.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, nilikwenda kwa Mama Alliance, kiongozi wa kikundi chetu. Wote walikuwapo, wanawake kumi na wanane, na mwinjilisti Bruno katika kiti cha mbele. Nilikuwa nimekusudia kumaliza jambo lile siku ile.

"Ndugu zangu," nikasema, "Dorine hakunitilia kitu. Ilikuwa ugonjwa ya macho. Dokta wa Bujumbura ameipasua na laser. Niko naona muzuri."

 Mama Alliance akaweka Biblia yake chini.

"Ameipasua?"

"Ndiyo."

"Basi kulikuwa kitu."

"Kilikuwa ndani ya jicho yangu, Mama Alliance."

"Na kiliingilia wapi?"

"Hakikuingia. Ni uzee."

"Minye niko mukubwa yako miaka mine," akasema. "Mbona siko na kitu mu macho?"

Baadhi ya wanawake wakaitikia kwa kuguna. Bruno akainua mkono wawe kimya, akaniuliza kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Mama Franck, mbele Dorine aingie mu nyumba yako, ulikuwa unaona vile vitu?"

"Hapana."

"Akaingia, ukaviona."

"Lakini alipotoka niliendelea kuviona."

"Kwa sababu alikuwa ameisha kuviweka. Leo mashini imevichoma." Akawageukia wengine. "Mumesikia wenyewe. Vilikuwamo. Mungu asifiwe."

Wakaanza wimbo wa shukrani. Mama Alliance akanikumbatia. Nilijaribu kusema, sauti yangu ikazama katika sauti zao.

Wimbo ulipokwisha, Bruno akasema, "Jumamosi, siku ya posho, tunaenda Mutarule. Watu wa kule wajue wanakaa na nani. Na ule mutoto alizaa, tutamufungia maombi. Tutamutoa kwa mama yake siku tatu, afunge bila maziwa, tuone."

Mtoto alikuwa na miezi miwili.

Lilikuwapo neno moja la kuwasimamisha. Ningesema: nilijua kabla sijamshitaki, nilifanya kwa wivu. Basi. Wangenichukia mimi na kumwacha yeye.

Nilifungua mdomo. Wale wanawake kumi na wanane walikuwa wananitazama kwa upendo, wengine machozi yakiwatoka kwa ajili yangu. Tangu Félicien afe, hakuna aliyekuwa amenitazama vile.

Nikafunga mdomo.

Wiki ile yote sikufungua duka. Wateja walibisha, nikawasikia wakiulizana kama nimesafiri. Siku ya tano, Ijumaa asubuhi, nilivaa kikwembe changu cha ibada, nikapanda taksi mpaka Sange. Pale nikachukua pikipiki. Njia nzima niliirudia hotuba yangu mgongoni mwa dereva mpaka akaniuliza kama ninaongea naye.

Baba yake Dorine, Jean-Berchmans, alikuwa uani anamenya mihogo. Aliponiona hakusimama. Alimaliza muhogo ulio mkononi, akautupa katika beseni, ndipo akasimama.

"Mama Franck. Miezi mine."

"Papa Dorine, nimekuja kuongea na Dorine."

"Weye uliisha kuongea."

"Najua. Leo nimekuja kuongea ingine."

Akaita jina la binti yake, akarudi kwenye mihogo yake. Hakwenda mbali. Alikaa pale anaposikia.

Dorine alitoka nyuma ya nyumba, mikono yake myeupe kwa unga, mtoto mgongoni. Amekonda. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande wa pili, sikuona uso wake.

"Jambo, Mama," akasema.

Bado aliniita Mama. Ile hotuba yangu yote ikapotea.

"Dorine, jicho yangu imepona," nikasema.

"Mungu asifiwe."

"Ilikuwa uzi mu jicho. Haikukuwa chakula yako."

"Najua."

"Hapana, haujui yote. Minye nilijua." Nikaona kisu cha Jean-Berchmans kinasimama. "Nilijua mbele ya siku ile. Muuguzi alinipatia barua, akaniambia ni jicho. Nikaificha. Nilikushitaki nikijua. Nilikuwa na wivu juu ya simu ya Franck. Hii ndiyo nimekuja kusema, siko na ingine."

Dorine alipangusa unga mikononi, kidole kwa kidole.

"Barua ile niliisoma," akasema.

"Namna gani?" nikauliza.

"Siku niliyotoa godoro yako inje ipate jua. Ilianguka. Niliisoma, nikaikunja mara ine vile ulikuwa umeikunja, nikairudisha."

"Siku gani?"

"Juma moja mbele unibebe kule kwa Mama Alliance."

Nilitafuta pa kukaa. Hakuna aliyeniambia nikae.

"Sasa mbona haukusema? Walikuuliza mbele ya wote. Ungesema tu, angalieni chini ya godoro."

"Nilikuwa nangojea useme weye." Sauti yake haikupanda. "Nilikuangalia. Nilisema mu roho, ni mama wa bwana wangu, atasema sasa hivi. Nikaendelea kukuangalia mpaka wakaanza kunisukuma. Kisha nikaona ningesema, watakufukuza weye. Na weye hauna pa kwenda. Minye niko na Papa."

Jean-Berchmans alisimama, akaingia ndani ya nyumba. Nilisikia kitu kinaanguka kule ndani.

"Nisamehe," nikasema.

"Bado," Dorine akajibu. "Siko nakudanganya. Bado."

Nikamweleza habari ya siku ya posho: Bruno, kikundi, maombi ya siku tatu bila maziwa. Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Alizungusha kitambaa, akamleta mtoto mbele, akamshika kwa mikono yote miwili.

"Ni kesho ile?"

"Kesho. Lakini nitabaki hapa. Wakifika nitawaambia mbele ya watu wote wa Mutarule vile nimekuambia weye. Na tarehe nitawaambia."

"Ulishindwa kule kwa Mama Alliance. Kesho utaweza?"

"Kule nilikuwa naogopa kubaki peke yangu."

"Na sasa?"

"Sasa niko peke yangu."

 Mtoto alifungua macho, akatazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Ni msichana. Ana paji la uso la Félicien, pana, lenye mkunjo katikati kama mtu anayehesabu. Sikuomba kumshika.

"Kuna ingine haujajua," Dorine akasema. "Franck hajui kitu."

"Hajui namna gani? Miezi mine mulikuwa munaongea kila siku."

"Nilimwambia nimekuja kuzalia kwetu. Nilimwambia ni weye ulinituma, nije nipumzike, kwa sababu ya vumbi ya mucele."

"Kwa nini ulisema vile?"

"Franck iko nachimba chini ya udongo, Mama. Wanashuka mu shimo na kamba. Nitamwambia muntu mwenye kuning'inia mu kamba kama mama yake alinifukuza?" Kwa mara ya kwanza macho yake yalilowa. "Kila siku ananiuliza, Mama iko je? Namwambia, iko muzuri, anakusalimia. Anauliza, anakuchunga? Namwambia, ananichunga. Miezi mine. Nimechoka kusema."

Nilitoa simu yangu katika pindo la kikwembe.

"Nitampigia simu leo," nikasema.

"Haina haja. Franck iko njiani. Jana alilala Kamanyola." Akageuza uso kuelekea barabara. "Nilikuwa nasaga hii unga yake."

Nilitaka kumwambia anipe hata saa moja, nikae, nipange maneno. Pikipiki ilikuwa inakuja upande wa mashamba ya mpunga, nikaisikia inapunguza mwendo mbele ya ua.

Dorine alimfunga mtoto vizuri.

"Minye naingia ndani," akasema. "Utaongea naye mbele anione. Sitasikiliza. Kile utamwambia, ndicho kitakuwa kweli ya nyumba yetu. Sitaongeza, sitapunguza."

Akaingia, akafunga mlango.

Franck aliruka kutoka pikipiki na mfuko mkubwa mabegani. Amekuwa mwembamba, na kwenye shingo ana kovu jipya ambalo hakuna aliyeniambia habari zake. Aliniona nimesimama peke yangu katikati ya ua. Akauachia mfuko ukaanguka.

"Mama? Nani alikuambia nafika leo?"

Akanikumbatia akanyanyua miguu yangu kutoka chini, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Alinuka jasho na moshi wa magari. Nilimshika kwa nguvu kuliko inavyompasa mama kumshika mwanaume mzima, kwa maana sikujua kama atakubali kushikwa tena.

"Nilikuwa nataka nikushitukize kesho kule Kilibula," akasema juu ya kichwa changu, anacheka. "Dorine aliniambia yote, Mama. Namna ulimuchunga na ile mimba. Nikuambie kitu? Kule chini, siku shimo ilitufunikia, tulikaa masaa sita mu giza. Wenzangu walikuwa wanalia juu ya wake zao. Minye sikulia. Nilisema, Mama anachunga Dorine."

Aliniweka chini, akanitazama usoni.

"Mbona unalia? Ni macho? Dorine iko wapi, na mutoto?"

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Ndani hakuna aliyetikisika.

"Franck," nikasema, "kaa chini kwanza."

Akaketi juu ya mfuko wake, akainama kufungua kamba za viatu, bado anacheka.

"Sema, Mama. Nakusikia."